Vanishi Iliyosingiziwa

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa barua hii itawakuta wazima, wewe na mkaza-mjomba, na kwamba kile kikohozi kilichomganda tangu mwisho wa mwaka kimekwisha kumuaga. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti lake humsumbua asubuhi, ikifika mchana analisahau. Ameniagiza nikwambie kwamba barua zako ni fupi kama mkia wa mbuzi, na kwamba ndugu wa tumbo moja hawaandikiani kama watu wanaokimbia mvua.

Mimi nimethibitishwa kazini. Sasa ni mkufunzi msaidizi wa kemia katika chuo cha ufundi, na nina meza yangu. Kusema kweli ni nusu ya meza, kwani nusu ya pili ni ya mwalimu wa uashi, naye hupanga matofali ya mfano kama anayejenga mpaka kati yetu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nimejiunga na chama cha warusha ndege ndogo za mfano cha hapa mjini. Mwenyekiti wetu, daktari wa meno aliyestaafu, amejenga kwa miaka miwili ndege ambayo bawa lake lina urefu wa mtu mzima, ya balsa tupu, ule ubao mwepesi kama unyoya, na kila ubavu wa bawa kaukata kwa kisu chembamba cha kazi yake ya zamani. Katika mkutano uliopita aliuliza ni rangi gani itakayostahimili mafuta ya injini. Mmoja akataja rangi ya madirisha, mwingine ile ya kupulizia magari. Nilisimama nikawaeleza, kwa muda wa robo saa hivi, kwamba mafuta hayo ni spiriti, mafuta ya mbarika na nitro. Kwamba spiriti huila rangi ya selulosi, ile ya magari, kama mate yalavyo sukari, na nitro huilainisha ile ya madirisha. Na kwamba kinga ya kweli ni vanishi ya vyombo viwili, ambayo hukaza kwa kuungana yenyewe kwa yenyewe. Nikaongeza kuwa ninaye mjomba ambaye ndege zake zimerambwa na mafuta miaka ishirini bila kubabuka. Wote wakageuka kunitazama. Mwenyekiti akanikabidhi ndege yake niipake.

Kwa hiyo naomba vanishi yako. Maonyesho ni Jumapili ya tarehe 14 Machi, na mkuu wa chuo chetu amealikwa.

Hata hivyo niruhusu nibishane nawe kidogo. Tangu nikiwa mdogo umenifundisha kwamba vanishi hiyo sharti isubiri majuma matatu kabla ya kuonja mafuta. Nimesoma vitabu vitatu juu ya suala hili, na kila kimoja chasema hukauka ndani ya siku moja. Majuma matatu, Mjomba, naona ni desturi zaidi kuliko elimu. Desturi ina heshima yake. Tatizo lake ni kwamba haikubali kuulizwa.

Mpwa wako.


19 Februari

Profesa wangu,

Marahaba, na hongera ya nusu meza. Mimi nilipoanza kupiga fanicha vanishi sikuwa na hata robo ya stuli. Kikohozi cha mke wangu kimekwenda, kimeacha sauti tu. Sasa anaimba jikoni na kuku wanahama. Mwambie dada yangu kwamba barua zake ni ndefu kwa sababu kurasa mbili za mwanzo huwa anatafuta miwani.

Nakutumia makopo mawili ya vanishi na chupa mbili ndogo za dawa ya kukazia, ile mafundi tunayoiita hadna. Kila chupa nimeipimia kopo lake kwa mkono wangu. Usipime tena, usikadirie, usiongeze. Mimina chupa yote, koroga taratibu dakika tano, acha povu litulie. Kopo la kwanza ni la kazi, la pili ni akiba ya viraka, maana ndege isiyoanguka bado haijajengwa.

Humo kifurushini kuna kijiti cha balsa nilichokipaka majuma sita yaliyopita. Hicho ni cha kukuonyesha vanishi iliyokomaa inavyokuwa, basi. Cha kujaribia utakipaka mwenyewe, siku ile ile unayopaka ndege, kwa kopo lile lile. Siku ya kurusha, tone la mafuta linakiangukia hicho kwanza, linakaa saa nzima, ndipo unafuta. Kikinata, ndege haitoki ndani.

Mwagia sakafu maji kabla ya kupuliza ili vumbi lilale. Paka ndani ya pua ya ndege zaidi kuliko nje. Mafuta hayana adabu ya kubisha hodi.

Kuhusu vitabu vyako vitatu, sina ugomvi navyo. Kukauka ni siku moja, kweli. Kukomaa ni kitu kingine. Saruji nayo kesho imekauka, lakini muulize huyo jirani yako wa matofali kama kesho hiyo hiyo atapandisha ghorofa. Ukiona muda ni mfupi, iweke ndege mezani watu waitazame. Ndege kusimama si aibu.

Mjomba.


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Uniwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Mitihani ilitubana na nilikuwa na madaftari ya kusahihisha hadi juu ya kabati. Mama hajambo. Asante kwa kifurushi, kilifika salama.

Kuhusu ndege, nasikitika kukuarifu kwamba matokeo hayakulingana na matarajio. Katika mruko wa pili vanishi ililainika sehemu ya pua na chini ya bawa la kulia, na mafuta yakapenya kwenye ubao. Sababu bado inachunguzwa. Ningependa kujua, kwa ujumla tu, ni njia ipi iliyo bora ya kuyatoa mafuta katika balsa iliyokwisha kuyanywa, na kama vanishi mpya yaweza kushika juu ya ubao wa namna hiyo.

Msalimu mkaza-mjomba.

Mpwa wako.


14 Aprili

Profesa,

Marahaba. Barua yako mara hii ni fupi kuliko zangu. Dada yangu amekuambukiza nini? Sisi wazima. Mke wangu ameshona mapazia mapya ya chumba changu cha kazi, ya maua. Ndege zangu zinaning'inia darini kama zimekwenda harusini.

Pole kwa ndege ya mzee wa watu. Inapona. Kwanza kwangua vanishi yote iliyolainika mpaka ufike penye kulia kama kioo ukigonga kwa ukucha. Usiionee huruma, nusu iliyooza haibebi nzima. Futa ubao kwa kitambaa chenye spiriti, geuza upande wa kitambaa kila mfuto, la sivyo unahamisha mafuta kutoka mlango huu kwenda ule. Kisha chukua wanga wa mahindi, uchanganye na spiriti uwe kama uji mzito, bandika. Ukikauka utakuwa wa manjano: hayo ndiyo mafuta. Pangusa, bandika mwingine. Mara nne, mara tano, mpaka wanga ukauke mweupe. Palipokuwa peusi na laini kama mkate, kata, tia ubao mpya. Piga msasa kingo za vanishi ya zamani zishuke taratibu, usiache ngazi. Halafu paka nyembamba, mara tatu. Na usije ukaweka rangi ya magari juu ya rangi ya madirisha, itakunjamana kama ngozi ya maziwa.

Sasa nijibu mambo matatu, nami nitakwambia ugonjwa. Ndege ilikaa siku ngapi baada ya kupakwa? Ilinata mwili mzima, au pale tu moshi wa injini unapotemea? Na ile chupa ya pili ya hadna nirudishie niipime upya.

Ikinata mwili mzima, kosa ni la kipimo, yaani langu. Ikinata penye moshi tu, ni haraka.

Mjomba.


9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama amepata dawa mpya ya goti na sasa hupanda ngazi bila kulihutubia. Anasema mapazia ya maua lazima ayaone kwa macho yake.

Ukarabati unaendelea. Ndege iko chumbani kwangu. Kwa kuwa bawa halipiti popote pengine, nimeliweka juu ya kabati na ncha yake inafika juu ya mto wangu. Nilibandika wanga mara sita. Mara ya kwanza ulitoka wa rangi ya chai. Nilivutiwa na jinsi kanuni ya ufyonzaji ilivyodhihirika, kwani mafuta husafiri kutoka kwenye vinyweleo vipana kuelekea vilivyo vyembamba zaidi, jambo ambalo mafundi walilijua kwa mikono kabla wanazuoni hawajalipa jina. Pua nimeikata sehemu mbili na kuunga ubao mpya. Kwa upakaji nimepata vanishi nyingine.

Kuhusu maswali yako: muda ulikuwa wa kutosha. Mahali penyewe ni vigumu kupabainisha kwa sasa, kwa kuwa sehemu kubwa nimekwisha kuikwangua. Chupa ya pili ilimwagika.

Mwenyekiti hajambo, ingawa siku hizi hazungumzi sana nami.

Mpwa wako.


26 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Tunaendelea. Mke wangu anakusalimu, na anauliza kwa nini hujaja likizo.

Nimeisoma barua yako. Umesema muda ulitosha, basi mimi nimekwisha kupata jibu langu. Wewe umesoma, usingekosea kuhesabu siku.

Sikutaka kukwambia, lakini fundi saa wa mji wa jirani, mrusha ndege naye, anayechukua vanishi kwangu miaka kumi na moja, ameandika kwamba mwaka huu hatahitaji. Amepewa habari na Mwenyekiti wako. Juma lililofuata mwingine akaandika vile vile. Hawakunitukana. Wamesema pole, umri ni kitu cha kila mtu.

Nikakaa na glasi yangu ya kupimia. Ile mistari yake, nikikuambia kweli, siku nyingi nimeisoma kwa mazoea kuliko kwa macho. Nimepaka vijiti kumi vya majaribio. Vyote vimekaza. Lakini hivi nilivipima nikiwa na woga, na mtu mwenye woga hupima vizuri. Zako nilizipima naimba. Sasa namwita mke wangu anisomee mstari. Anasoma, namimina, namwita tena. Jana alisema, "Baba, sufuria inaungua, mstari ni ule ule." Nikamwambia asogee karibu aangalie tena.

Nimewaandikia watu wote saba walionunua tangu mwaka jana. Nimewaomba radhi, nimewaambia mkono wangu umekosea na wasipake kilichobaki. Kazi nimeisimamisha. Bunduki ya kupulizia vanishi nimeiosha kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, nimeipaka mafuta, nimeifunga kwenye gazeti.

Mwambie Mwenyekiti kwamba nimejisikia vibaya kwa ajili ya miaka yake miwili.

Mjomba wako.


5 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sitakuletea habari za Mama wala za goti, kwa kuwa nikianza na hizo nitapata mahali pa kujificha, nami nimejificha kwa barua mbili.

Zilikuwa siku nne.

Kifurushi chako kilifika mwisho wa Februari. Ndege niliipaka Jumatano, ikaruka Jumapili. Siku zote za katikati nilizitumia kuchora nembo ya chama ubavuni, na kuandika chini ya bawa, kwa herufi ndogo, majina yangu na shahada yangu. Kwenye ndege ya mtu mwingine. Kijiti changu cha kujaribia sikukipaka. Nilipofika uwanjani nilikitoa kile chako cha majuma sita, nikakitonesha mafuta mbele ya watu, nikakifuta kwa leso, kikang'aa. Wakapiga makofi. Nikasema, "Mnaona? Kemia haina ushirikina." Hayo ni maneno yangu, nilikuwa nimeyaandaa tangu Ijumaa.

Mruko wa kwanza ulikuwa mzuri. Baada ya wa pili Mwenyekiti aliishika ndege kwenye pua, na vidole vyake vikazama. Akaviinua akavitazama. "Kijana," akasema, "mbona ndege yangu inatoka jasho?" Mtu mmoja nyuma akasema, "Jamani, katupakia uji huyu!" Watu wakacheka. Mkuu wa chuo, ambaye hakucheka, akaniuliza, "Mkufunzi, sababu yake kitaalamu ni nini?"

Nilijua sababu, Mjomba. Ilikuwa imelainika pale tu injini inapotemea moshi. Mkiani palikuwa pakavu kama sahani. Niliijua kabla hajamaliza kuuliza. Nikasema: "Mjomba wangu amekula chumvi nyingi. Nadhani mkono umemponyoka katika kupima dawa."

Wakaniambia pole. Nikaipokea.

Kuna jambo baya kuliko hilo. Chupa ya pili haikumwagika. Jumatatu ile niliichukua hadi maabara ya chuo, nikafunga mlango, nikaipima kwa chombo chetu kilicho bora kabisa. Niliipima nikiomba nikute umekosea. Ningeridhika na tofauti ndogo tu, ningeipa jina la kitaalamu na kulala. Haikupungua wala kuzidi. Nilipima mara tatu, kama unavyopima wewe sasa, ila wewe watafuta kosa lako na mimi nilikuwa natafuta la kukubambikia.

Na ile vanishi nyingine niliyosema nimepata, ni kopo lako la akiba na chupa hiyo hiyo. Niliipaka nikaiacha majuma matatu kamili, tena na siku moja juu. Imekaza kama kioo. Niliporudisha ndege, Mwenyekiti aliigonga kwa ukucha akasema, "Hii sasa ni ya kiwandani, siyo?" Sikujibu. Alidhani nimekubali, na kwa kweli nilikuwa nimekubali.

Mistari ya glasi yako waisoma vizuri. Mkono wako haujaponyoka. Kilichokuponyoka ni mimi.

Siombi msamaha katika barua hii, kwa sababu nikiuomba hapa utaonekana kama ndio sababu ya kuandika.

Mpwa wako.


16 Juni

Nimepokea barua. Niliisoma peke yangu, kisha nikampa mke wangu aisome kwa sauti, nikidhani labda macho yamenidanganya tena.

Nilipokuwa nikimwita anisomee mstari, wewe ulikuwa unajua. Hilo bado sijaliweza.

Anwani za wale saba ziko nyuma ya karatasi hii. Mama yako hajui lolote na mimi sitamwambia.

Mjomba wako.


24 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Nilimwambia siku ile ile barua yako ilipofika. Alikuwa anachambua mchele. Alimaliza kwanza sinia zima, kisha akasema, "Kaka yangu ndiye aliyekushika mkono siku ya kwanza ya shule," akaingia ndani. Tangu hapo salamu ananiitikia, lakini haniiti kula, naja mwenyewe.

Wale saba nimewaandikia wote, kila mmoja barua yake, bila kunakili. Watano wamejibu. Kwa fundi saa nilikwenda mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kukuacha. Duka lake ni upana wa mlango tu. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikamweleza yote, naye muda wote huo hakuitoa lenzi jichoni wala hakuacha kazi.

"Barua ya mjomba wako ninayo," akasema nilipomaliza. "Aliomba radhi kama mtu aliyeua. Yako umeiandika lini?"

"Mwezi wa sita."

"Ya kwake ilikuja wa tano. Kwa hiyo asiye na kosa kafika kwanza, mwenye kosa kafuata." Akapuliza vumbi ndani ya saa. "Nenda. Nitamwandikia yeye, si wewe."

Katika chama niliomba nafasi kwenye mkutano wa mwezi. Walikuwepo watu kama thelathini na mkuu wa chuo miongoni mwao. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa tatu, yenye utangulizi. Niliposimama nikaona utangulizi wenyewe ni uongo mwingine, nikaiweka mfukoni. Nikasema: niliipaka Jumatano nikairusha Jumapili; mjomba wangu alinionya kwa maandishi; kipimo chake nilikipima kikawa sawa; vanishi iliyoko kwenye ndege leo ni yake. Kiti cha mtu kikalia.

Mwenyekiti akauliza, "Umemaliza?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi nilimchafua mzee wa watu kwa kalamu yangu mwenyewe, kwa kukuamini wewe. Sasa umenipa kazi ya kuomba radhi kwa mtu nisiyemjua." Akageukia wenzake. "Huyu asiguse brashi mpaka mwaka uishe. Ndege zikitua, kazi yake ni kuzipangusa mafuta."

Yule aliyesema habari ya uji akadakia, "Na azipanguse vizuri, shahada anayo!" Wakacheka. Nilistahili kicheko hicho tangu Machi.

Nimekwisha kupangusa Jumapili tatu. Herufi zangu chini ya bawa nimezikwangua kwa ruhusa ya Mwenyekiti. Alisimama kunitazama hadi mwisho.

Chuoni hakuna aliyeniadhibu. Mwalimu wa uashi amesikia. Ameyaondoa matofali yake upande wangu, amenipa nafasi zaidi, na sijui kama ni huruma au hataki kazi yake iguse yangu. Sikumuuliza.

Mpwa wako.


8 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kuku wamezoea kuimba kwa mke wangu, au wamechoka kuhama. Dada yangu ameniandikia kurasa nne. Nimemjibu kwamba chakula akuite, njaa haijawahi kumfundisha mtu ukweli.

Mwenyekiti wako ameandika, mwandiko wa daktari hasa. Ilibidi tuusome watu wawili. Ameomba radhi vizuri. Fundi saa naye ameandika, anataka makopo matatu kabla ya mvua. Wengine wawili pia. Kwa hiyo nilifungua lile gazeti nikatoa bunduki.

Nataka ujue jinsi ilivyokuwa. Nilikaa na glasi dirishani, kwenye mwanga, nikamwambia mke wangu leo asije, aendelee na shughuli zake. Nilisoma mstari mwenyewe. Nikamimina. Ulikuwa sawa, niliuona kuwa ni sawa. Nikashika kifuniko nifunge chupa. Mkono haukufunga. Nilikaa pale, dawa inavuta hewa, kitu ambacho wewe unajua hakitakiwi. Mwisho nikamwita.

Akaja na unga mikononi, akainama, akasema, "Ni sawa." Ndipo nikafunga.

Basi hapo ndipo tulipo. Wateja wamerudi, jina limerudi, umefanya ulilopaswa, na sikulaumu tena kwa mdomo. Lakini miaka thelathini nilipima bila kuita mtu, na sasa naita. Jambo hilo hukulitaja katika barua zako kwa sababu ulikuwa hulijui, nami nakwambia ili ulijue. Sikwambii ulie.

Likizo ikianza njoo. Kitanda kipo. Mke wangu amechoka kuacha sufuria, na kazi ya makopo haya itachukua siku kumi. Utasimama mlangoni mahali pake. Nitakuita, utainama, utasoma mstari, utasema ulichokiona. Nikiwa sawa useme sawa. Nikikosea, hata kwa unywele, useme nimekosea, na unitazame usoni ukisema.

Mjomba wako.